Kitani cha Mwitu na Mbuga Kinamoota

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Yafaa kwanza niondoe neno moja njiani, maana najua wenzangu wa Tanga wamekwisha kuanza kutabasamu. Kitani si katani. Katani ni mkonge, ule mmea wenye majani manene na mwiba nchani, ambao Dr. Richard Hindorf aliuleta katika nchi hii mwaka 1893, na nyuzi zake hutoka ndani ya jani. Kitani ni mmea mwingine kabisa, mwembamba kama uzi wenyewe, na nyuzi zake hutoka katika ganda la shina. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukutana nacho, kwani Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi juu ya dari yake chini ya mabua ya kitani. Sanda walizozungushiwa maiti wa wafalme wa Misri zilikuwa za kitani pia.

Kitani ninachotaka kueleza, hata hivyo, si hicho cha mashambani. Ni ndugu yake wa mwituni, aotaye katika mbuga kubwa za nyasi za Amerika ya Kaskazini, mbuga ambazo wenyewe huziita preri, neno walilolipata kwa Wafaransa, maana yake uwanda wa majani. Wataalamu wa mimea humwita Linum sulcatum. Linum ni kitani, na sulcatum ni kusema kina mifereji. Jina hilo kilipewa mwaka 1836 na John Leonard Riddell, aliyekuwa akichunguza mimea ya jimbo la Ohio.

Mtu aweza kuuliza, mwanafunzi wa huku ana haja gani na ua la huko? Mimi najibu kwamba katika somo la Bayolojia twafundishwa kutambua mimea kwa kujibu swali moja baada ya jingine, na sijaona mmea unaofaa kwa zoezi hilo kupita huu. Una ndugu wanaofanana nao kama mapacha, na ukikosea swali moja tu unaishia kwa jirani. Tena kukosea huko kuna hasara. Katika majimbo kadhaa ya mashariki ya Marekani kitani hiki kimekuwa adimu hata kikawekwa katika orodha ya mimea ya kulindwa. Mtu akitumwa kuchunguza kilima kabla hakijachimbwa kokoto au kujengwa nyumba, akaandika jina la ndugu aliye wa kawaida mahali pa yule aliye adimu, kilima kimekwisha.

Basi tuanze na saa. Ua la kitani ni ua la siku moja. Hufumbuka asubuhi jua likiisha kupanda, na alasiri petali zake huanguka moja moja. Upepo kidogo tu, au kidole cha mtu, huziangusha zote tano. Kesho ua jingine hufumbuka juu ya tawi lile lile. Kwa hiyo mtafutaji afikaye saa tisa alasiri aweza kupita katikati ya mimea mia ya namna hii na kuandika katika daftari lake kwamba hakuona kitu. Na aende katika miezi ya Julai, Agosti au mwanzo wa Septemba, ambayo kwao ndiyo miezi ya joto. Asichukue joto lile kuwa sawa na kiangazi chetu cha ukavu, maana kule mvua nyingi ya mwaka hunyesha katika nusu ile ya mwaka yenye joto, na wakati wa ukavu na wa nyasi kufa ni ule wa baridi na theluji.

Akifika asitazame ua kwanza. Atazame shina. Kitani hiki husimama wima, kimo chake kati ya sentimita 20 na 80, na kwa kawaida shina ni moja tu kutoka ardhini mpaka karibu nusu ya urefu wake. Matawi huanzia juu, nayo huelekea mbinguni badala ya kutandaa. Shina halina nywele, nalo lina matuta membamba yashukayo kutoka kwenye kila jani, na kati ya tuta na tuta pana mfereji. Ukilizungusha shina polepole baina ya kidole gumba na cha shahada utayasikia matuta hayo kabla hujayaona. Hiyo ndiyo mifereji iliyompa mmea jina, na nionavyo mimi ni dalili nzuri, kwa sababu haidondoki alasiri kama petali.

Majani ni membamba, hayafiki sentimita 3 kwa urefu, na upana wake ni wa milimita chache tu. Hukaa moja moja kwa zamu, moja huku na moja kule, yamejiegemeza kwenye shina. Yale ya chini huanguka mapema, hata mwezi wa Agosti mmea huonekana kama kijiti kilichochomekwa ardhini. Sasa achukue kioo cha kukuzia, atazame pale jani linapokutana na shina. Kulia na kushoto ataona vidoti viwili vyeusi au vya kahawia, vya mviringo, vidogo kupita kichwa cha pini. Hivyo ni vitezi. Kitani cha kulimwa hakina, na kitani fulani cha manjano nitakachokitaja baadaye hakina pia. Mtu asiye na kioo cha kukuzia afadhali arudi nyumbani akakitafute, maana vidoti hivyo vyamaliza ubishi mwingi.

Ua lenyewe ni la manjano iliyofifia kidogo, lenye petali 5, sepali 5 na stameni 5. Katika jamii ya kitani hesabu ya tano hutawala karibu kila kitu, na hili pekee humwondolea mtafutaji maua mengine ya manjano ya mbugani. Kuna moja huko lenye petali 4, hilo si kitani. Kuna jingine lenye petali 5 za manjano lakini stameni zake ni nyingi hazihesabiki upesi, na majani yake yamekaa mawili mawili yakielekeana. Hilo nalo si kitani. Sepali za Linum sulcatum ni nyembamba, zimechongoka, na kingo zake zina meno madogo ambayo kila moja lina kitone cha tezi nchani, mithili ya msumeno uliochovywa katika gundi.

Hapa ndipo ndugu wanapoingia. Duniani kuna karibu aina 200 za Linum. Yule wa mashambani, Linum usitatissimum, ana maua ya buluu, na jina lake alilopewa na Linnaeus mwaka 1753 maana yake ni chenye manufaa kupita kiasi. Huyu hatatusumbua, rangi yake yamtosha. Kadhalika Linum lewisii, kitani cha buluu cha mbuga za magharibi, ambacho huishi miaka mingi na kutoa mashina mengi kutoka kwenye kisiki kimoja. Huyu aliitwa kwa jina la Meriwether Lewis, yule aliyetumwa na Rais Jefferson pamoja na William Clark kuvuka bara mpaka bahari ya magharibi. Mwaka 1805 Lewis aliandika katika shajara yake kwamba ganda la kitani hicho ni imara lafaa nyuzi, na kwamba kikiwa ni cha kudumu kitakuwa na faida kubwa, kwani mtu ataweza kukikata bila kuua mzizi. Mwaka uliofuata alikausha kimoja katika bonde la Sun River, Montana, naye Frederick Pursh akakipa jina. Mmea ule mkavu, pamoja na wenzake wa safari ile, wametunzwa Philadelphia hata leo. Ajabu kwamba wenyeji, ambao Lewis alikuwa akipita katika nchi zao, walikuwa wakisokota kamba kwa nyuzi za kitani hicho pasipo kuandika shajara yoyote.

Tabu huanza kwa wale wa manjano. Wako kadhaa, mimi nitawataja wawili tu. Mmoja ni Linum rigidum, naye ni wa mwaka mmoja vile vile, mgumu wa shina, apendaye zaidi mbuga kavu za magharibi. Ua lake mara nyingi ni kubwa zaidi, na petali zake wakati mwingine zina wekundu kama wa shaba. Mwingine ni Linum medium, huishi zaidi ya mwaka mmoja, hana vile vidoti vya tezi penye vikonyo, na ua lake ni dogo.

Iwapo rangi na ukubwa vimeshindwa kukata shauri, itazame sehemu ya kike ya ua. Katikati ya ua la kitani kuna vijiti vitano vyembamba vinavyosimama juu ya ovari, kila kimoja na kichwa chake cha kupokea chavua. Katika Linum medium vijiti hivyo vimeachana tangu chini. Katika Linum rigidum vimeungana karibu mpaka juu kabisa, vichwa tu ndivyo vilivyoachana. Linum sulcatum yuko katikati ya hao wawili, yaani vijiti vyake vimeungana sehemu ya chini na kuachana juu. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupanga jambo hili kwa ajili ya kuwafundisha watoto wa shule, lakini halikuweza kupangwa vizuri zaidi.

Na kama ua limekwisha kuanguka, tunda lipo. Tunda la kitani ni kibofu kidogo cha mviringo, kikavu, upana wake milimita 3 hivi, na ndani yake mna mbegu 10. Tunda la Linum sulcatum likikauka hupasuka vipande 10, kila kipande na mbegu moja. Tunda la Linum rigidum hupasuka vipande 5, kila kipande na mbegu mbili. Hesabu ya mbegu ni ile ile. Kilichotofautiana ni idadi ya vyumba walivyogawiwa, kama mabweni mawili yenye wanafunzi sawasawa, moja likiwa la vitanda vya peke yake na jingine la vitanda vya ghorofa.

Limebaki swali moja gumu, nalo ni hili: mtu atajuaje kwamba mmea ni wa mwaka mmoja? Mwalimu yeyote atasema, ung'oe utazame mzizi. Lakini mmea ulio adimu haung'olewi, na mahali pengine sheria yakataza. Basi inama uufukunyue udongo kidogo penye shina, bila kuvunja kitu. Mmea ulioishi miaka mingi huwa na kisiki kigumu, na juu yake mabaki ya mashina ya mwaka jana, makavu, yamekatika. Mmea wa mwaka mmoja hauna historia. Shina lake moja laingia ardhini moja kwa moja na kuwa mzizi mwembamba, basi, hakuna la zaidi.

Neno hilo la mwaka mmoja ndilo linalonipeleka kwenye mbuga yenyewe, maana hapo pana jambo la kustaajabisha. Sisi twaijua mimea ya mwaka mmoja vizuri sana: mahindi, ufuta, mchicha. Huota, huzaa, hufa, na mkulima huhifadhi mbegu. Lakini mbugani hakuna mkulima wa kulima kwanza na kuondoa magugu. Preri ni nchi ya mimea ya kudumu. Nyasi zake kubwa, kama Andropogon gerardi ambayo katika bonde zuri humfunika mtu mzima, hupoteza majani yake yote katika baridi, kisha huchipua tena kutoka chini. Profesa John Ernest Weaver wa Chuo Kikuu cha Nebraska alitumia miaka mingi, tangu kabla ya 1920, akichimba mahandaki marefu kando ya mimea ya mbugani ili aone na kuchora mizizi. Aliona mizizi ya nyasi ikishuka zaidi ya mita 2, na ya mimea mingine ikipita hapo kwa mbali. Mbuga tunayoiona juu ni ndogo kuliko mbuga iliyo chini ya udongo.

Sasa fikiri mbegu ya kitani, ndogo kama chembe ya mchanga mnene, imeanguka katikati ya umati huo. Juu pana kivuli na majani makavu ya mwaka jana yaliyolala kama mkeka. Chini mizizi imekwisha kugawana kila tone la maji. Haitaota, au ikiota itakufa. Hii ndiyo sababu Linum sulcatum haonekani katika mabonde yenye udongo mweusi mnene ambako nyasi ni ndefu. Yeye hukaa juu ya vilima vikavu, penye mchanga, changarawe au mawe ya chokaa karibu na uso wa ardhi, tangu kusini mwa Manitoba na Ontario huko Kanada mpaka Texas. Huko nyasi ni fupi zaidi na huota kwa vichaka vilivyoachana, hasa ile iitwayo Schizachyrium scoparium, ambayo hugeuka nyekundu kama kutu majira ya baridi yakikaribia. Kati ya kichaka na kichaka pana kiganja cha udongo ulio wazi, na kiganja hicho ndicho shamba la kitani.

Viganja vingine vilitengenezwa na wanyama. Nyati wa Amerika, aitwaye baisani, hupenda kugaagaa mavumbini, na mahali anapogaagaa kila mara hubaki shimo pana lisilo na nyasi. Wanyama wachimbao mashimo hutupa vifusi vya udongo mpya juu ya nyasi. Tena kulikuwa na moto. Moto mwingine uliletwa na radi, lakini mwingi uliwashwa na wenyeji kwa makusudi, kwa ajili ya kuwinda na kuyapata majani mabichi. Moto wa mbugani hupita upesi. Huunguza mkeka wa majani makavu na vichipukizi vya miti, lakini chini ya udongo kwa sentimita chache joto halifiki, na machipukizi ya nyasi yamo humo salama.

Hapa nitaomba msomaji asiniharakishe, maana habari ya moto si nyepesi kama watu wanavyoisema, ama wale wanaousifu ama wale wanaoulaani. Mmea wa kudumu ukiunguzwa mwezi wo wote waweza kuchipua tena kutoka chini. Kitani hakiwezi. Moto ukipita mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla mbegu hazijaota, kitani hupata faida tupu: mkeka umeondoka, jua linafika ardhini, mbegu zi salama udongoni. Moto ule ule ukichelewa wiki chache, ukakuta miche imekwisha kutoa majani mawili matatu, wote wa mwaka ule wamekwenda, na kitabakia kutegemea mbegu zilizokuwa bado zimelala. Ndiyo sababu waangalizi wa mbuga huko hawachomi kilima chote siku moja. Katika Konza, karibu na mji wa Manhattan wa Kansas (si ule wa New York), wataalamu wameigawa mbuga vipande vipande. Vingine huchomwa kila mwaka, vingine kila baada ya miaka 2, vingine 4, na vingine 20, wakatazama kipi kinafanyika wapi. Mwaka 1987 wakarudisha na baisani.

Neno kurudisha lahitaji maelezo, na maelezo yake si ya furaha. Mbuga za nyasi ndefu peke yake zilikuwa na ekari milioni 170 hivi, eneo linalokaribia robo tatu ya nchi nzima ya Tanzania. Wakulima wa kwanza kutoka mashariki walizikwepa, kwa kuwa majembe yao ya chuma cha kalibu yalinasa udongo ule mzito, na mtu alilazimika kusimama kila hatua chache kuukwangua. Mwaka 1837 mhunzi mmoja kijijini Grand Detour, jimbo la Illinois, John Deere kwa jina, alitengeneza plau ya chuma cha pua kilichosuguliwa hata kikateleza, udongo ukawa hauung'ang'anii tena. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja mbuga ikawa mahindi na ngano. Baisani waliokuwa mamilioni walipigwa risasi, na mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki elfu moja hivi, na mataifa ya wenyeji walioishi kwa baisani walifukuzwa katika nchi zao. Leo mbuga zile za nyasi ndefu hazizidi asilimia 4 ya zilivyokuwa. Illinois, ambayo hujiita Jimbo la Preri, ilikuwa na ekari milioni 22 hivi za mbuga. Walipozihesabu mwaka 1978 walipata ekari 2,300 hivi tu zilizokuwa bado katika hali njema. Huo ni mfano wa ekari moja katika kila 10,000.

Kilichosalia kilisalia kwa bahati. Vilima vya Flint Hills katika Kansas viliponyoka kwa sababu ya mawe tu, plau haikuweza kupita. Huko ndiko ilikofanywa hifadhi ya taifa ya mbuga za nyasi ndefu mwaka 1996. Kamba nyembamba za mbuga ziliachwa kando ya njia za reli. Na nyingine, nami naona hii ndiyo ajabu kuliko zote, zilibaki makaburini. Wakulima wale wa kwanza walizungushia ua kipande kidogo cha mbuga, wakazika wafu wao humo, na kwa heshima ya wafu hawakukilima kamwe. Nje ya ua mahindi mpaka upeo wa macho. Ndani ya ua, ekari moja au mbili, nyasi zile zile zilizokuwako kabla ya plau. Watu wa pwani yetu hawatashangaa sana, maana wanajua jinsi misitu ya kaya za Wamijikenda ilivyosalimika kwa sababu ni mahali pa wazee na makaburi, wakati misitu ya jirani ilipokwisha. Lakini kipande cha ekari mbili si kilima kizima. Hakina baisani wa kugaagaa ndani yake, na mwenye shamba la jirani hapendi moto. Mimea ya kudumu yaweza kuvumilia humo miaka mingi kwa kuishi tu juu ya mizizi yake ya zamani. Kitani hakina cha kuvumilia nacho. Kila mwaka ni lazima kianze upya kutoka kwenye mbegu, na miaka michache mfululizo ya mkeka mnene na kivuli yaweza kukifuta mahali pale bila mtu kukata hata tawi moja.

Kuzirudisha mbuga kulianza zamani kidogo. Huko Madison, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, tangu mwaka 1935 vijana wa kikosi cha kazi cha serikali, waliokosa ajira katika miaka ile ya shida, walipanda mbuga katika shamba kuukuu la chuo. Walibeba mbegu, na mabonge ya udongo wenye nyasi, kutoka kwenye vipande vilivyosalia. Katika miaka ya 1940 Profesa John Curtis alijaribu moto humo na kuona kwamba mbuga bila moto huingiliwa na majani ya kigeni. Mbuga ile sasa huitwa kwa jina lake. Tangu hapo kazi ya namna hii imeenea majimbo mengi, ijapokuwa nyasi na maua makubwa ya kudumu ndiyo yanayopandwa zaidi. Kuchuma mbegu za kitani ni kazi ya subira: matunda hukauka kwa zamu, yakiiva hupasuka na kumwagika, na mchumaji hawezi kujaza hata kikombe cha chai kwa siku moja.

Wanaovihesabu vitani hivi wamejifunza pia kutokata tamaa upesi. Mmea wa mwaka mmoja huweza kuwa mia kadhaa juu ya kilima mwaka huu, na mwakani usionekane ila michache, kwa sababu mvua ilichelewa au nyasi zilinenepa. Kwa hiyo karatasi ya mhesabuji iliyoandikwa sifuri haimaanishi kwamba kitani kimekwisha. Humaanisha kwamba arudi mwakani, na mwaka unaofuata, saa tatu za asubuhi, akiwa na kioo chake.

Kwa msomaji anayetamani kujaribu macho yake bila kupanda ndege, sisi nasi tuna kitani cha mwitu. Kinaitwa Linum volkensii, kwa jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyekaa Kilimanjaro katika miaka ya 1890 akichunguza mimea. Huota katika nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, hasa penye unyevu, nacho kina maua ya manjano. Wala kisichanganywe na kitani cha buluu kilicholimwa na masetla wa Kenya baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mpaka bei ilipoporomoka na wengi wakafilisika. Wenye likizo Kilimanjaro, Njombe au Mbeya na watazame kando ya vijito, asubuhi, petali zikiwa bado hazijaanguka: petali 5, sepali 5, stameni 5, kisha wakague vijiti vya katikati kuona vimeachana au vimeungana. Atakayekipata asiking'oe. Aandike mahali, tarehe na saa, achore ua na shina, akabidhi mchoro katika chumba cha Bayolojia muhula ukifunguliwa.